Mshipa Wenye Dhiki Hadharani!

Jamani, tazameni upande wa ubongo wa panya uliochokozwa makusudi! Vitone vyeusi tele, vimefuatana na njia za mishipa ya damu. Upande wa pili, shwari. Hakuna damu iliyovuja, na gadolini, dawa iliyozoeleka ya kung'arisha picha za MRI, haionyeshi lolote. Picha hizi ni za watafiti wa Oxford, zilitoka katika jarida la Nature Medicine mwaka 2007, na mimi ndiyo kwanza nazitia machoni. Sijatulia tangu hapo!

Utamu uko kwenye mbinu. Seli zilizotanda ndani ya mshipa zikisumbuliwa huchomoza protini iitwayo VCAM-1, inayonasa chembe nyeupe za damu kama ulimbo unavyonasa ndege. Basi watafiti wakachukua chembe za oksidi ya chuma, wakazivika kingamwili zinazoitambua protini hiyo, wakazidunga kwenye damu. Mshipa ukiwa mtulivu, zinajipitia. Ukiwa na dhiki, zinang'ang'ania papo hapo! Hakuna kisu, hakuna kipande cha nyama cha kupeleka maabara.

Ila kilichoniteka hasa ni ukubwa. Wengi walikuwa wanakimbilia chembe za nano. Hawa wakachagua za mikromita 1 hivi. Kila moja hubeba chuma kingi mno, na chuma huvuruga sumaku ya mashine hadi mbali kuliko chembe yenyewe, kwa hiyo doa linaonekana bila kubahatisha. Tena hazipenyi ukuta wa mshipa kirahisi, na zisizonata huondoka upesi kwenye damu. Unachokiona kimeshika ukutani. Akili hiyo!

Mwaka 2012 watafiti hao wa Oxford wakanasa kwa njia hiyohiyo, katika panya, saratani iliyohamia ubongoni ikiwa bado changa mno kwa MRI ya kawaida.

Kasoro ipo, na si ndogo: chembe zile za mwanzo zina plastiki isiyovunjwa na mwili, hivyo hazimfai binadamu. Ndiyo maana natupia jicho Caen, Ufaransa, ambako wametengeneza zinazovunjika. Hao hao walikwisha kuona kwa wanyama, wakilenga protini nyingine, P-selektini, kwamba hata kiharusi cha kupita huacha mishipa ikiwa na alama. Mgonjwa aliyekufa ganzi mkono kwa dakika chache, kisha akafika hospitali mzima, hadi leo humtia daktari mashakani kama kweli alipatwa na kiharusi hicho. Ileteni mbinu hii, tena haraka!