Karma kama Kitendo na Karma kama Hukumu: Uhakiki wa Hoja ya B. R. Ambedkar

1.0 Utangulizi

Neno karma linatokana na mzizi wa Kisanskriti kr, wenye maana ya kutenda. Katika Kipali, lugha ya maandiko ya Wabudha wa Theravada, neno hilo ni kamma. Kwa asili yake, basi, karma ni kitendo. Hata hivyo, mfasiri wa Kiswahili hushawishika kulipa tafsiri ya majaaliwa au kudura, maneno ambayo yanamhitaji Mwenye kujaalia. Tafsiri hiyo inageuza maana: kile ambacho mtu anatenda kinakuwa kile ambacho mtu anatendewa. Uhakiki huu unahoji kuwa mgeuko huohuo umetokea pia ndani ya historia ya dhana yenyewe, na kwamba ndio uliomsukuma B. R. Ambedkar kuikataa karma ya maisha yaliyopita katika kitabu chake The Buddha and His Dhamma, kilichochapishwa mwaka 1957, baada ya kifo chake. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: je, Ambedkar alikataa kilichostahili kukataliwa?

2.0 Kutoka Kafara hadi Nia

Katika Veda, karma ilihusu hasa kitendo cha ibada: kafara iliyotolewa kwa usahihi ilizaa matunda yake. Upanishadi zilipanua maana hiyo. Katika Brihadaranyaka, Yajnavalkya anamchukua Artabhaga pembeni ili wazungumze faraghani juu ya kinachobaki baada ya kifo, na wanachokizungumza ni karma: mtu huwa mwema kwa tendo jema na mwovu kwa tendo ovu. Chandogya inakwenda mbali zaidi. Inaeleza kuwa wenye mwenendo mwema huzaliwa upya katika matabaka ya juu, na wenye mwenendo mchafu huzaliwa katika tumbo la mbwa, la nguruwe au la chandala, yaani mtu aliye nje ya matabaka. Hapa nadharia ya maadili inafungamanishwa na ngazi ya kijamii. Bhagavad Gita, kwa upande wake, inahimiza kutenda wajibu pasi na kung'ang'ania matunda, lakini wajibu huo wenyewe kwa kiasi kikubwa unaamuliwa na tabaka la mtendaji.

Ubudha ulihamisha kitovu cha dhana. Katika Anguttara Nikaya, Buddha anaitambulisha kamma na nia (cetana). Kafara iliyotolewa bila kosa haina uzito kuliko dhamira ya anayetenda. Aidha, Buddha alikana kuwapo kwa roho ya kudumu (atman), jambo lililozua utata ambao Ambedkar aliushika: kama hakuna roho inayohama, ni nani anayelipwa?

3.0 Hoja ya Ambedkar

Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Mahar, mojawapo ya jamii zilizohesabiwa kuwa za watu wasioguswa. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake, na akafariki tarehe 6 Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo, kitabu chake kilikusudiwa watu waliokuwa wameambiwa kwa vizazi vingi kwamba unyonge wao ni deni la maisha waliyokwisha kuyasahau.

Hoja yake ina ngazi mbili. Ya kwanza ni ya kimantiki: karma inayovuka kutoka maisha hadi maisha inahitaji roho ya kuibeba, na kwa kuwa Buddha aliikana roho, fundisho hilo ni la Uhindu na haliwezi kuwa lake. Kwa Ambedkar, kamma ya Kibudha ni sheria ya mpangilio wa maadili duniani, na matunda yake yanatafutwa katika maisha haya. Ya pili ni ya kijamii: fundisho la kwamba maskini amejitakia umaskini wake zamani linaipa dola na jamii njia ya kukwepa dhima kwa wanyonge. Buddha, aliyesifiwa kwa huruma, asingeweza kulifundisha.

Methali ya Kiswahili inaifafanua ngazi hii ya pili vizuri: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Anayeamini kuwa kila mwiba ni wa kujichoma hana wa kumpa pole.

4.0 Tathmini ya Hoja

Ngazi ya kwanza ina udhaifu. Maandiko ya Kipali yanasema waziwazi juu ya kuzaliwa upya. Katika Culakammavibhanga Sutta ya Majjhima Nikaya, kijana Subha anauliza kwa nini baadhi ya watu ni maskini na wengine matajiri, baadhi wa ukoo duni na wengine wa ukoo bora. Buddha anajibu kwa kutaja matendo ya awali: mwenye kiburi, kwa mfano, huzaliwa katika ukoo duni. Ambedkar anakabiliana na matini za aina hii kwa kipimo kwamba lililo la kimantiki na lenye manufaa kwa binadamu ndilo neno la Buddha. Kipimo hicho kinazunguka: mhakiki anaamua kwanza Buddha alikuwa nani, kisha anachagua maneno yanayomthibitisha Buddha huyo.

Ngazi ya pili, hata hivyo, haitegemei ya kwanza, na ina ushahidi katika maandiko yaleyale. Katika Samyutta Nikaya, Sivaka anauliza kama kila maumivu yanatokana na matendo ya zamani. Buddha anataja vyanzo vinane, vikiwamo nyongo, mabadiliko ya majira na kushambuliwa. Kamma ni kimoja tu kati yake. Anguttara Nikaya inalinganisha tendo na donge la chumvi: likitiwa katika kikombe, maji hayanyweki, likitupwa katika mto Ganges, hayabadiliki. Matokeo, basi, hayasomeki kutokana na tendo peke yake. Matini nyingine katika mkusanyo huohuo inakataza kubahatisha juu ya namna kamma inavyozaa matunda, na Vasala Sutta inasema kuwa mtu huwa duni kwa matendo yake, si kwa kuzaliwa.

Kutokana na matini hizi, mtafiti anapendekeza kutofautisha matumizi mawili ya dhana. Karma inayotazama mbele humwambia mtendaji: unalolitenda sasa lina matokeo. Karma inayotazama nyuma humwelekea mtu mwingine na kumwambia: hali yako ni hukumu. Matumizi ya kwanza yanaongeza dhima. Ya pili yanaiondoa kwa mtazamaji na kumbebesha anayeteseka. Culakammavibhanga Sutta, ikisomwa kama onyo dhidi ya kiburi, ni ya aina ya kwanza. Ikisomwa kama maelezo ya aliyezaliwa chini, inageuka ya pili. Ni lazima kukiri kuwa maneno yake yanaruhusu usomaji wote wawili. Hapo ndipo shaka ya Ambedkar inapobaki na nguvu: aliye na mamlaka atachagua usomaji unaomfaa.

5.0 Karma katika Maisha ya Kila Siku

Tafiti za kianthropolojia zinaonesha kuwa waumini wenyewe hawaitumii karma kwa namna moja. Pauline Kolenda (1964), aliyechunguza wafagiaji wa tabaka la chini katika kijiji cha Khalapur, India ya kaskazini, aliona kuwa hawakueleza unyonge wao kwa dhambi za maisha yaliyopita. Waliueleza kwa visa vya bahati mbaya iliyompata mhenga wao. Sheryl Daniel (1983) aliwaona Watamili wakichota maelezo tofauti kwa kadiri ya hali, kama fundi achaguaye chombo katika sanduku lake. Nchini Burma, Melford Spiro (1970) alieleza Ubudha unaojali zaidi kupata thawabu, kwa sadaka na matendo mema, kuliko kufikia nirvana. Huko karma inatazama mbele.

Matokeo ya Kolenda yana uzito wa pekee. Yanaonesha kuwa fundisho lililopaswa kuwaridhisha wanyonge halikukubalika kwao. Waliokuwa chini walikuwa wakihakiki karma ya hukumu kabla mwanafalsafa hajawaandikia.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa Ambedkar alikosea alipodai kwamba karma ya maisha yaliyopita haimo katika mafundisho ya Kibudha yaliyohifadhiwa, lakini hakukosea kuhusu madhara yake. Hoja yake ingesimama imara zaidi kama angekataa haki ya kusoma hatia katika mateso ya mwingine, badala ya kukana matini zinazotaja kuzaliwa upya. Kwa mfasiri wa Kiswahili, matokeo ni ya vitendo. Msemo malipo ni hapa hapa duniani unakaribia karma ya Ambedkar, ilhali majaaliwa yanakaribia ile aliyoikataa. Inapendekezwa kuwa neno karma libakizwe, na lifafanuliwe kwanza kama kitendo chenye nia, kabla ya kufafanuliwa kama malipo.