Sura ya Mke wa Daktari

Kitabu nilipewa na wifi yangu uwanja wa ndege, Septemba 2023, siku naondoka Dar es Salaam kumfuata kaka yake China. "Wifi, kisome, utamwelewa mumeo," alisema. Kilikuwa When Breath Becomes Air cha Paul Kalanithi, nakala ya mume wangu mwenyewe aliyoiacha nyumbani, imejaa mistari ya penseli. Nilikisoma angani, nikakirudia Nanjing mara mbili, na sasa nipo mwaka wa kwanza wa uzamili wa fasihi, natakiwa niandike kuhusu tawasifu. Kila nikianza na kitabu kingine, narudi kwenye hiki.

Kwa ambaye hajakisoma: Kalanithi alikuwa anamalizia mafunzo ya upasuaji wa ubongo Stanford, Marekani, alipogundulika ana saratani ya mapafu. Alifariki Machi 2015 akiwa na miaka 37, na kitabu kikatoka Januari 2016. Kabla ya udaktari alisoma fasihi ya Kiingereza hadi uzamili. Nilipofika hapo nilimpenda, nikamwekea alama za upendeleo ambazo baadaye ilibidi nimnyang'anye.

Watu wengi wanakisoma kama kitabu cha kifo. Mimi nilikisoma kama kitabu cha ndoa, na naamini utangulizi wake unanipa haki hiyo. Kabla msomaji hajazoea sauti ya mwandishi, anaonyeshwa nyumba inayopasuka. Lucy, mkewe, naye daktari, anagundua kwamba mumewe amekuwa akitafuta habari za saratani za watu wa umri wake bila kumwambia neno. Walikuwa wamepanga kusafiri pamoja. Anakataa kwenda, anasema anahitaji kuifikiria ndoa yao. Mume anakwenda peke yake na maumivu yake ya mgongo, anarudi mgonjwa, vipimo vinafanyika, na tangu hapo hao wawili ni kitu kimoja.

Hapo ndipo ninapogombana na kitabu. Ugonjwa umemaliza kesi ambayo haikusikilizwa. Mtu anayeishi na daktari anataka kujua kwa nini mtu anayezungumza na wagonjwa siku nzima anarudi nyumbani akiwa bubu. Ni kweli tunaambiwa walimwona mshauri wa ndoa, lakini ukweli huo unapita upesi, kama basi la mwendokasi lililojaa. Kalanithi ana kurasa na kurasa za kufafanua jinsi daktari anavyomwambia mgonjwa habari mbaya, kidogo kidogo, kwa kipimo anachoweza kukimeza. Hana hata moja ya kufafanua jinsi anavyomwambia mkewe.

Niseme nilikuwa nakisomea wapi, maana mahali pana sehemu yake katika ukali huu.

Mume wangu alianza shahada ya udaktari mwaka 2020, kwa Kiingereza, katika chuo kimoja cha Nanjing. Miaka yake miwili ya mwanzo aliisomea sebuleni kwao Tabata, kwa intaneti, kwa sababu mipaka ya China ilikuwa imefungwa. Alijifunza mifupa ya binadamu huku mama mkwe akipepeta mchele. Alipoondoka hatimaye, tukafunga ndoa likizo iliyofuata, nami nikaenda kwa viza ya S1, ile wanayopewa jamaa wa mgeni anayesoma au kufanya kazi kule. Viza hiyo haikuruhusu kufanya kazi. Mgeni anayepanga nyumba anatakiwa ajiandikishe polisi ndani ya saa 24, na fomu yangu ilikuwa na nafasi ya kazi. Nikaangalia kisanduku kile, nikamwangalia mume wangu, akaandika kwa wino mweusi: hakuna.

Nanjing ipo kusini ya mto Huai, na kwa utaratibu wa miaka mingi serikali ya China hupasha joto majengo ya kaskazini ya mstari huo. Sisi tulikuwa upande wa pili. Majira ya baridi ndani kulikuwa baridi kuliko nje, tukalala na blanketi la umeme, na ugali wa unga wa njano uliganda kabla ya kufika mdomoni. Kiangazi jua lilikuwa la Dodoma na jasho la Tanga. Katikati yake kuna wiki chache nzuri sana, mivinje ya kule isiyo mivinje ikifunika barabara nzima kwa kivuli (sijui niiite nini kwa Kiswahili, nimeshindwa), na ningekuwa mnafiki nisiposema kwamba katika wiki hizo tulikuwa na furaha.

Mwaka wake wa nne akaanza kuingia wodini. Darasani alifundishwa kwa Kiingereza, lakini hakuna bibi wa Nanjing anayeumwa kwa Kiingereza. Kichina cha vitabuni kilimtosha kwa wauguzi. Wazee waliongea lafudhi ya mji ambayo hata wenzake Wachina kutoka mikoa mingine iliwapiga chenga. Kwa hiyo usiku tukawa na mchezo wa jikoni. Mimi mgonjwa, yeye daktari. Nilikuwa na daftari la maneno ya maumivu. Kichina kina maumivu ya kuchoma kama sindano, ya kujaa kama puto, na mengine yanayoitwa kwa neno lilelile la uchachu wa siki, uchovu wa misuli unaouma. Tukitafuta Kiswahili chake tulicheka: inachoma, inavuta, inafukuta, inanyonga, inakata. Alifanya maswali kwa mpangilio aliofundishwa. Linauma wapi? Tangu lini? Linaanza ghafla au polepole? Nini kinalizidisha? Nini kinalipunguza?

Oktoba 2024 mgonjwa aliyekuwa akimfuatilia kwa wiki tatu alifariki. Mzee wa miaka sabini na kitu. Sikuambiwa. Nilijua siku nne baadaye, kwa ujumbe wa mwanafunzi mwenzake wa Zambia aliyeniuliza, kwa adabu kabisa, kama shemeji anaendelea vizuri tangu siku ile. Siku ipi? Nilikuwa nimempikia, nimelala naye kitanda kimoja, nimemfulia koti jeupe usiku huohuo. Nilimuuliza. Akasema hakutaka kunibebesha mzigo. Nikaenda chumbani nikafungua utangulizi wa Kalanithi, na sentensi inayoeleza alivyokuwa akitafuta habari zake kwa siri ilikuwa imepigiwa mstari wa penseli. Alikuwa ameisoma. Aliona ni nzuri.

Sitaki kudanganya kwamba huo ni uhakiki. Lakini nilianza kusoma vitabu vya madaktari nikitafuta kitu kimoja, nikawa nakikuta kila mahali. Adam Kay, Mwingereza aliyechapisha shajara zake za wodi ya wazazi mwaka 2017, anamwita mwenzi wake H. Herufi moja. Nakubali kuna sababu za faragha, na kitabu chenyewe kinachekesha mpaka unaumwa mbavu, ila H anajitokeza zaidi pale mipango ya wawili inapovunjwa na zamu, kisha anarudi kusubiri. Chekhov, daktari kabla ya wote hawa, aliandika katika barua ya mwaka 1888 kwamba tiba ni mke wake wa halali na fasihi ni hawara. Wazungumzaji wa lugha nyingine huona utani mtamu hapo. Msomaji wa Kiswahili anaona ukewenza, na anajua mke mkubwa ni nani. Alipooa kweli, mwaka 1901, mkewe Olga Knipper aliendelea kuigiza Moscow na yeye akaendelea kuugua Yalta, wakaandikiana barua.

Kwa hiyo tatizo si la Kalanithi peke yake. Tawasifu ya daktari inahitaji wito, na wito unang'aa ukiondoa waliofua, waliopika, waliohama nchi. Hata pale anapomwonyesha Lucy vizuri kabisa, nadhani anamtumia. Ni zile enzi za chuo cha udaktari Yale, walikokutana. Lucy amekaa anafanya mazoezi ya kusoma karatasi za ECG, anatambua mchoro wa mapigo ya moyo yasiyoendana na uhai, kisha analia, maana mchoro huo ulikuwa wa mtu, na mtu huyo hakupona. Tukio zuri mno. Nililisoma nikiwa na mafua, chini ya blanketi, nikalia na mimi. Lakini angalia machozi yanakwenda wapi: yanakuwa funzo la Paul. Aya inamalizikia kwenye utambuzi wake kwamba mistari ya karatasi inaweza kumliza mtu. Hatuambiwi Lucy alifanya nini baada ya kujifuta uso. Ana uso, sura hana.

Semina yetu ya kwanza ya uzamili ilikuwa juu ya Utendi wa Mwana Kupona, na nilikwenda nimekunja uso. Shahada ya kwanza niliuchukia. Mwanamke wa Pate, mwaka 1858, anamfundisha binti yake namna ya kumtumikia mume: akilala asimsumbue, asikose mtu wa kumpepea, akiamka akute chakula, anyolewe, asuguliwe, na yeye mke asitoke bila ruhusa. Wahakiki wamebishana miaka mingi kama ni utii mtupu au ni ujanja wa mtu aliyejua mamlaka yamekaa wapi. Nilikuwa upande wa kwanza na bado sijahama kabisa.

Safari hii kilichonishtua ni mwanzo wake. Mwana Kupona anatunga akiwa mgonjwa, amemaliza kama mwaka mzima kitandani, na inakadiriwa alifariki miaka miwili hivi baadaye. Anamwita binti asogee na wino na karatasi. Kalanithi naye anaandika anakufa, na maneno ya mwisho ya sehemu yake anamwelekezea bintiye Cady, aliyekuwa bado mchanga. Wagonjwa wawili, binti wawili. Mmoja anautaja ugonjwa wake kwa beti chache, halafu anatoa utendi mzima kwa kazi za nyumba, moja baada ya moja, kazi ambazo mtu anazifanya kwa mikono. Mwingine anatoa kitabu kizima kwa ugonjwa na wito, na nyumba inabaki nyuma ya pazia. Mwana Kupona simkubalii anavyogawa kazi hizo. Ila anajua ni kazi. Angekuwa na fomu yangu ya polisi asingeandika hakuna.

Nilisema hivyo semina, mwenzangu mmoja akanijibu kwamba namdai marehemu risiti. Alikuwa na hoja. Kalanithi aliandika akiwa anaishiwa pumzi, hakumaliza, na mtu asiyemaliza huwezi kumhukumu kwa alichoruka kama unavyomhukumu aliyekaa mezani miaka kumi. Nililifikiria hilo ndani ya daladala mpaka nikapitiliza kituo.

Nikarudi kwenye tamati. Imeandikwa na Lucy. Kitabu kina dibaji ya Abraham Verghese, daktari na mwandishi, kisha Paul, kisha yeye, na yeye ndiye anayefunga mlango. Anaeleza siku za mwisho: kitanda kimoja, familia imejaa, mashine ya kupumulia imeondolewa. Sentensi zake ni fupi kuliko za mumewe na hazina Waingereza wa karne ya kumi na saba ndani yake. Halafu anafanya jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha: anakihakiki kitabu cha mumewe. Anasema kuna Paul ambaye hayumo, mcheshi, mpole, na anatutajia. Anasema pia ndoa yao ilikuwa imeyumba na kwamba ugonjwa uliwarudisha. Ile kesi iliyozimwa kwenye utangulizi inasikilizwa hapa, kwa kuchelewa, na shahidi ni mmoja tu aliyebaki. Nadhani kurasa hizi chache ndizo bora za kitabu kizima. Zinathibitisha malalamiko yangu na zinanitia aibu kidogo, kwa sababu Lucy hakuandika kudai sura yake. Aliandika kumrudishia mumewe utani wake.

Mimi katika kurasa hizi zote sijakwambia kwamba mume wangu anachekesha. Anachekesha sana. Mzee yule wa wodini alikuwa akimwita kwa jina la mchezaji mpira Mweusi aliyemwona kwenye televisheni, naye kila asubuhi alimsimulia magoli aliyofunga jana usiku.

Nakala ile ya wifi ilikuwa na penseli kila mahali mpaka ukurasa wa mwisho wa Paul. Tamati ilikuwa nyeupe kabisa. Hakuifikia, au aliifikia penseli ikiwa imeisha.

Januari 2025, jikoni, tukiwa tumevaa makoti, tulicheza tena mchezo wetu. Linauma wapi? Nikamwambia kifuani. Tangu lini? Nikasema tangu Oktoba. Aliandika "Oktoba" kwenye karatasi kabla kalamu haijasimama. Hatukuendelea usiku ule. Julai nikarudi Dar es Salaam kwa ajili ya masomo, ndivyo tulivyowaambia watu na kwa sehemu ndivyo ilivyokuwa. Nilikiacha kitabu mezani Nanjing. Tamati niliipigia mistari kwa wino.

Yeye sasa yupo mwaka wa sita, wa mazoezi hospitalini, tunapishana saa tano. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa. Pembeni ya mstari wangu mmoja, ule wa ndoa yao kuyumba, alikuwa ameandika kwa penseli: Tangu lini hasa? Nilimjibu kwa sauti, dakika 14, nikiwa nimekaa ngazi za maktaba. Alikuwa zamu. Alama za bluu ziliwaka saa tisa usiku kwao, na chini yake ikatokea kwamba anarekodi.