Punje Kabla ya Kisu: Utambuzi wa Misetoma ya Bakteria Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Misetoma ni maradhi sugu yanayoshambulia ngozi, nyama iliyo chini yake na hatimaye mifupa, hasa ya mguu, nayo yaliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2016. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zimo katika ukanda mkavu unaoyafaa maradhi haya, kwani mfugaji anayefuata mifugo yake kwenye vichaka vya migunga huchomwa na miiba, na vijidudu vya udongoni hupata njia ya kupenya ngozini.

Dalili zake kuu ni tatu, yaani uvimbe usiouma, vijitundu vinavyotoboka juu ya uvimbe huo, na usaha wenye punje, ambazo ni makundi ya vijidudu vyenyewe vilivyoshikamana. Dalili hizo hutosha kuutaja ugonjwa, lakini hazitoshi kuchagua tiba, kwa sababu misetoma husababishwa ama na bakteria ama na kuvu. Ile ya bakteria hutibiwa kwa antibiotiki, hasa kotrimoksazoli pamoja na amikasini, ilhali ile ya kuvu huhitaji dawa kama itrakonazoli kwa muda mrefu, na mara nyingi upasuaji pia.

Kwa hiyo uchunguzi huanzia kwenye punje. Punje nyeusi huashiria kuvu, nyekundu huelekeza kwa bakteria aitwaye Actinomadura pelletieri, na za njano au kahawia zilizo ngumu ni alama ya Streptomyces somaliensis, bakteria aliyeelezwa na mtaalamu wa vimelea Émile Brumpt mwaka 1906 na ambaye jina lake linatokana na nchi ya Wasomali. Punje nyeupe, hata hivyo, zaweza kuwa za kuvu au za bakteria, na hapo rangi pekee haiamui.

Kinachoamua ni unene wa nyuzi zinazounda punje. Punje ikipondwa kati ya vioo viwili, ikapakwa rangi ya Gram na kutazamwa kwa darubini, nyuzi za bakteria huonekana zambarau na nyembamba, zisizozidi mikromita 1 hivi, ilhali za kuvu hufikia mikromita 2 hadi 5. Sampuli bora ni kipande cha nyama kilichokatwa ndani, kwa kuwa usaha wa juu huchanganyika na bakteria wengine wa ngozi na kupotosha matokeo ya kuotesha vijidudu. Eksirei huonyesha mifupa iliyoliwa, lakini haimtaji aliyeila. Kipimo cha vinasaba ndicho hubainisha spishi kwa uhakika, ingawa huhitaji maabara kubwa.

Hatua ya darubini, kinyume chake, inawezekana katika maabara ya kawaida ya hospitali. Kumfundisha mtaalamu wa maabara katika kila kaunti ndogo ya eneo hili kuitafuta punje, kuiponda na kuzipima nyuzi zake ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na mguu unaokatwa ilhali ungeweza kupona kwa dawa.