Zaidi ya Jaribio la Mozzhukhin: Mwili wa Mwigizaji katika Kazi za Lev Kuleshov

Lev Kuleshov (1899–1970) amekuwa jina la jaribio kabla ya kuwa jina la mwongozaji. Kila anayeanza kujifunza uhariri wa filamu hukutana na simulizi ileile: uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin uliunganishwa na picha ya bakuli la supu, kisha ya maiti ya mwanamke jenezani, kisha ya mtoto anayecheza, nao watazamaji wakasifu jinsi mwigizaji huyo alivyobadilika. Picha hizo hazipo leo. Tulichobaki nacho ni maelezo ya mwanafunzi wake, Vsevolod Pudovkin, pamoja na kumbukumbu za Kuleshov mwenyewe, nayo hayalingani kuhusu picha zilizotumika. Juu ya msingi huo mwembamba pamejengwa dai zito, kwamba kwa Kuleshov mwigizaji si chochote ila malighafi ya mkasi wa mhariri.

Makala haya yanalikataa dai hilo. Katika karakana yake ya Moscow, miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1917, ukanda wa filamu ulikuwa adimu, na wanafunzi waliigiza jukwaani “filamu bila ukanda”. Pudovkin, Boris Barnet, Aleksandra Khokhlova na wenzao walifunzwa kuupima kila mjongeo wa mkono, shingo na bega. Kama uso ungekuwa karatasi tupu, mazoezi hayo yote yangekuwa ya nini?

Ushahidi ulio bora zaidi umo katika filamu yake ya 1926, *Kwa Mujibu wa Sheria*, iliyotokana na hadithi ya Jack London. Wachimba dhahabu wanaishi katika kibanda kimoja huko Yukon. Dennin anawaua wawili kati yao. Edith na mumewe Hans wanamfunga, mafuriko yanawazingira, na hatimaye wao wenyewe wanamhukumu na kumnyonga. Mhariri angeweza kufanya nini na kibanda kimoja na watu watatu? Kinachoibeba filamu ni mwili wa Khokhlova, anayemwigiza Edith: mwembamba, wenye viwiko vikali, na macho yanayokataa kufumba. Uhariri unayapanga matendo hayo, hauyazalishi.

Ni kweli kwamba Kuleshov mwenyewe alichangia upotofu huu. Kitabu chake cha 1929 kinaifananisha picha moja na herufi, na msomaji mwenye haraka huishia hapo, asifike kwenye kurasa zinazohusu mafunzo ya mwigizaji. Lawama za “ufomalisti” alizotupiwa katika miaka ya 1930 zilimsukuma zaidi kuelekea ualimu, na mwalimu hukumbukwa kwa mifano yake mifupi.

Mwishoni mwa filamu hiyo mlango unafunguka, na Dennin anasimama kizingitini akiwa na kamba iliyokatika shingoni. Hapo hakuna supu wala jeneza la kuufasiri uso wake. Ni yeye tu na mvua.