Hadithi Inayotoka Kiwamboni: Uhakiki wa Zana za Kielektroniki kwa Familia Zinazosomesha Watoto Nyumbani

Kamusi zetu zinalitumia neno kiwambo kwa kile ambacho watu wengi wa mijini wanakiita skrini. Asili yake ni kitenzi kuwamba, yaani kuvuta ngozi na kuikaza juu ya ngoma, au kamba juu ya kitanda. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Methali hii inafaa kutangulia kila uhakiki wa zana za kielektroniki za kufundishia watoto, maana swali la kwanza ni kujua ngozi inavutwa upande gani: upande wa mtoto na mzazi wake, ama upande wa kiwambo chenyewe.

Suala tunalolichunguza hapa limekomaa zaidi katika Amerika ya Kaskazini kuliko kwetu. Marekani, kuwasomesha watoto nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50 kufikia mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya mabishano mahakamani na mabungeni. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, ofisi ya sensa ya nchi hiyo ilikadiria kwamba kaya zilizosomesha watoto nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 ya kaya zenye watoto wa umri wa shule, katika majira ya kuchipua, hadi asilimia 11.1 wakati wa vuli. Miongoni mwa wazazi hao wapo wengi waliowatoa watoto shuleni ili wawe na vitabu, bustani na mazungumzo, na ambao hawapendi kuona kompyuta ikikalia kiti cha mwalimu. Hata hivyo wanahitaji msaada, kwani hakuna mzazi anayejua kila somo. Ndiyo maana wanatafuta zana za nyongeza: kitu cha kuchukua kidogo kidogo, kisha kuzima.

Msomaji wa Lubumbashi au wa Bukavu atauliza: jambo hili linatuhusu nini? Linatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mwezi Machi 2020 shule za Kongo zilifungwa, na nyumba nyingi zikageuka madarasa bila kujiandaa. Pili, na hili ni zito zaidi, maelfu ya familia za Kikongo zinazosema Kiswahili zimehamia Marekani na Kanada, na huko mtoto anasoma kwa Kiingereza au Kifaransa tangu asubuhi hadi jioni. Kama Kiswahili hakikufundishwa nyumbani, hakitafundishwa popote. Kwa familia hizo, zana ya nyongeza si anasa: inaweza kuwa ndiyo kitabu cha pekee cha Kiswahili kilichomo nyumbani.

Mizani inayotumiwa na wengi ni ya dakika. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto wa miaka 2 hadi 5 wasizidi saa moja kwa siku mbele ya kiwambo, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri unaofanana na huo kwa watoto wa miaka 2 hadi 4. Hatupingi ushauri huo. Lakini kwa mtaalamu wa lugha saa ni kipimo maskini, kwa sababu haisemi lolote juu ya yanayopita ndani yake. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Seattle. Watoto wachanga wa Kimarekani, wenye umri wa miezi 9 hivi, walikaa vipindi 12 na watu waliowasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina cha Mandarini. Mwishoni waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wenzao waliopata Kichina kilekile kutoka kwenye video, au kwa sauti peke yake, hawakupata faida yoyote. Mwaka 2014 Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff waliongeza jambo lililotushangaza: watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza vitenzi vipya kutoka kwa mtu aliyesema nao moja kwa moja kwa njia ya video, karibu sawa na mtu aliyekaa mbele yao, ila hawakujifunza kutoka katika video iliyorekodiwa. Kiwambo kilikuwa kilekile. Tofauti ilikuwa hii: mmoja alijibu, mwingine hakujibu.

Tukichukua mizani hiyo, hukumu zinabadilika. Tuangalie Khan Academy Kids, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2018, ambayo familia nyingi za aina hii zinaisifu. Ina sifa za kweli: haina matangazo, na baadhi ya vitabu na mazoezi yake hutumika bila mtandao. Lakini njia yake ya masomo humtoa mtoto katika zoezi hili na kumwingiza katika lile, na kila akimaliza hupewa kitu cha kuchezea ndani ya programu. Ngozi inavutwa kwa kiwambo, tena kwa upole sana. Mzazi anayetaka kuzima baada ya dakika 15 analazimika kupigana na zana aliyoichagua mwenyewe. Kiswahili, bila shaka, hakimo.

Zana inayostahili kusomwa kwa makini zaidi ni African Storybook, iliyoanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Johannesburg. Ni maktaba ya hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zenye leseni huria: kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzichapa, kuzifasiri na hata kuzibadili. Kutoka humo, watu wa Chuo Kikuu cha British Columbia walichagua hadithi 40 na kuunda Storybooks Canada, ambamo maandishi yanaandamana na sauti, kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha za wahamiaji, na mtoto anaweza kuiona hadithi ileile katika lugha mbili. Zimepangwa kwa ngazi tano, tangu ukurasa wenye sentensi moja fupi hadi ukurasa wenye aya nzima.

Uzuri wake mkubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba hadithi hizi zinaweza kutoka kiwamboni. Mzazi anazichapa kwenye karatasi, anazikunja, anazishona, na kompyuta inarudi kabatini. Hakuna zawadi, hakuna alama, na hadithi ina mwisho. Kile ambacho watengenezaji wengine wangekiona kuwa upungufu, hapa ni fadhila.

Lakini tusiimbe sifa tu. Hadithi ya Kiswahili haikuzaliwa kimya. Msimulizi wa pwani anapotamka «Paukwa!» anangoja «Pakawa!», na bila jibu hilo haendelei. Katika rekodi za Storybooks Canada msomaji ni mmoja, anasoma vizuri, na hangoji mtu. Utafiti wa Kuhl unatuonya kwamba mtoto mdogo aliyeachwa na sauti hiyo peke yake hatapata mengi. Rekodi ifae kwa mzazi kwanza, hasa mzazi kijana aliyekulia ugenini na ambaye matamshi yamemponyoka: aisikilize jioni, asubuhi asome kwa kinywa chake.

Na kinywa hicho kina kazi ambayo mashine haiifanyi. Chukua hadithi ya kuku na tai, ambamo kuku anaazima sindano na kuipoteza. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika kiwakilishi, na wanyama wote wawili huchukua kiambishi a-. Sentensi kama «Alimpa sindano yake» (mfano ni wetu) ina maana zaidi ya moja: nani alimpa nani, na sindano ni ya nani? Mzazi anaponyosha kidole kwenye picha na kuuliza, sarufi inafundishwa bila kutajwa. Au chukua hadithi ya Simbegwire, msichana aliyefiwa na mama na kumkimbia mama wa kambo. Mwanamke anayempata karibu na kijito ni ndugu wa baba yake. Kiingereza na Kifaransa vina neno moja kwa mwanamke huyo na kwa ndugu wa mama. Kiswahili kinachagua: huyu ni shangazi, si mama mdogo. Mtoto wa Vancouver asiyeijua tofauti hiyo amepoteza nusu ya hadithi, kwani kurudi kwa shangazi ni kurudi kwa ukoo wa baba, na baba ndiye aliyeshindwa kumlinda.

Linabaki swali gumu zaidi: Kiswahili cha nani? Maandishi haya ni ya Kiswahili sanifu, na kwa kitabu cha kusomea hatuoni kosa. Ila familia iliyotoka Katanga inasema «batoto banacheza» pale kitabu kinapoandika «watoto wanacheza», na tangu Polomé alipokieleza Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968 hakuna mwanaisimu anayeweza kudai kwamba hiyo ni lugha iliyovunjika. Ina kanuni zake. Hatari tunayoiona ni kwamba mtoto atasikia sauti safi ya mashine, kisha sauti ya bibi yake, na kuamua kwamba bibi hajui Kiswahili. Zana iliyoletwa ili iokoe lugha ya nyumbani itakuwa imeinyamazisha, na hakuna kikomo cha dakika kinachoweza kuzuia jambo hilo; hata dakika tano zatosha. Ofisi na shule za kikoloni zilitufundisha vya kutosha kuionea aibu lugha ya nyumba zetu.

Dawa imo katika leseni yenyewe. Kwa kuwa hadithi hizi zimeruhusiwa kubadilishwa, hakuna kinachozuia toleo la Kiswahili cha Kongo kuwekwa kando ya lile la sanifu, kurasa zikitazamana, bibi akisoma upande mmoja na mjukuu upande wa pili. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wa licence, wanaofasiri kila mwaka vifungu vya magazeti visivyosomwa na mtu baada ya mtihani, wangeweza kuanza na Simbegwire, kisha hadithi ya Anansi na chungu cha hekima, ambayo husimuliwa kwa mikono sawasawa na kwa maneno: baba kajifunga chungu tumboni, hawezi kupanda mti, na mwana aliye chini ndiye anayemwambia akihamishie mgongoni.

Upungufu mmoja tu hautatatuliwa na wafasiri, nao ni wa mashine za kuchapia. Picha ni za rangi, na wino wa rangi una bei, huku kwetu kuliko huko. Tumejaribu kuchapa hadithi kadhaa kwa wino mweusi: zile za wanyama zinasomeka vizuri, lakini katika zile za watu nyuso zinageuka doa moja jeusi, na mtoto anayeulizwa ni nani analia hana pa kunyoshea kidole. Mwenye kuchapa achague ya kuku na tai kwanza.