Wema na Malipo Yake: Adili na Nduguze Mbele ya Hotuba ya Denis Mukwege

1. Utangulizi

Zipo methali mbili ambazo Waswahili huzitumia kwa jambo moja ilhali hazikubaliani. "Tenda wema nenda zako" humtaka mtenda wema asigeuke nyuma kutazama kama anafuatwa na shukrani. "Wema hauozi" humpa ahadi kwamba wema wake umewekwa akiba, na kwamba siku moja utamrudia. Ya kwanza inakata tamaa ya malipo. Ya pili inaitia nguvu. Fasihi ya Kiswahili ya maadili imeielekea zaidi methali ya pili. Mtu mwema huteswa, huvumilia, na kabla kitabu hakijafungwa hupata haki yake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza tofauti hiyo kwa kulinganisha matini mbili zilizo mbali kwa wakati na kwa umbo. Ya kwanza ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Ya pili ni hotuba aliyoitoa Dk. Denis Mukwege mjini Oslo tarehe 10 Desemba 2018, alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad. Swali linaloziunganisha ni hili: mtu aliyeushinda ubinafsi wake hubakiwa na nini pale ambapo hakuna wa kumlipa?

Huenda ikadaiwa kwamba hotuba iliyotolewa kwa Kifaransa haina nafasi katika taaluma ya Kiswahili. Dai hilo linapungua nguvu mtu akizingatia mahali hotuba hiyo inapoanzia. Lemera ni kijiji cha milimani katika wilaya ya Uvira, Kivu ya Kusini, juu ya uwanda wa Ruzizi, nchi ya Wafuliiru. Ateremkaye kutoka huko hadi Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, huacha Kifuliiru cha nyumbani na kuingia katika Kiswahili cha soko, cha bandari na cha wodi. Lugha hiyo haikuletwa na huruma. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858 walikuwa wakifuata nyayo za wafanyabiashara wa pwani, waliofika huko kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Kwamba lugha iliyoingia kwa njia ya faida na minyororo ndiyo leo inayotumiwa na muuguzi kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, ni jambo linalompa mhakiki wa Kiswahili haki ya kuuliza neno "utu" lina maana gani katika mwambao huo.

2. Janibu: wema unaolipwa

Mpango wa Adili na Nduguze unajulikana. Adili na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, wanarithi mali ya baba yao. Wawili wanaitapanya, Adili anawapokea na kuwagawia yake. Wema huo hauwatulizi. Safarini wanamtosa baharini, naye anaokolewa na jini Huria, ambaye hapo awali yeye mwenyewe alikuwa amemwokoa alipokuwa katika umbo la nyoka. Huria anawageuza ndugu wale kuwa manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Adili anatii huku akilia, na akisha kuwapiga huwafariji na kuwalisha. Mwishowe, kwa maombezi ya Mfalme Rai, adhabu inaondolewa na ndugu wale wanarudishiwa ubinadamu wao.

Wahakiki wengi wamekwisha kueleza kwamba majina ya wahusika hawa ni hukumu kabla ya kuwa majina. Hasidi hawezi kuwa mwingine ila hasidi. Hata hivyo, lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni jinsi malipo yanavyofungwa ndani ya msuko. Adili anamwokoa nyoka. Nyoka anamwokoa Adili. Deni linarudi kwa mdai, tena kwa kipimo kile kile, uhai kwa uhai. Msomaji anafundishwa kuwa mwema na wakati huo huo anaonyeshwa kuwa wema una faida. Hapo ndipo ubinafsi unapoweza kurudi kwa mlango wa nyuma: anayetoa kwa sababu ameahidiwa kurudishiwa hajaacha biashara, amebadilisha bidhaa tu.

Ni haki kusema kwamba Shaaban Robert mwenyewe aliiona hatari hiyo. Sehemu yenye uzito kuliko zote katika kitabu si ile ya kuokolewa baharini bali ile ya usiku, Adili akiwa na mjeledi mkononi na machozi usoni. Pale hakuna malipo. Manyani hawawezi kumshukuru, raia hawajui anachokifanya, na Ikibali, mjumbe wa mfalme, anakiona kwa siri. Adili anawalisha waliotaka kumuua kwa sababu ni ndugu zake, basi. Kama kitabu kingekoma hapo, kingekuwa kitabu kikali zaidi. Hakikukoma, kwa kuwa mapokeo ya hadithi yalidai haki itendeke mbele ya macho ya msomaji.

3. Lemera: wema usiolipwa

Hotuba ya Oslo haina mfalme wa kuombea wala jini wa kuokoa. Mapema kabisa msemaji anaipeleka hadhira kwenye usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, waasi waliposhambulia hospitali ya Lemera. Watu zaidi ya 30 waliuawa. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wahudumu ambao hawakuweza kukimbia waliuawa pia.

Mantiki ya masimulizi ya maadili inavunjika katika tukio hilo. Waliouawa ni wauguzi kazini na wagonjwa walioshindwa kuinuka. Hakuna kosa lao linaloweza kutajwa wala wema wao uliowaokoa. Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, alichagua udaktari tangu utotoni alipokuwa akifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, akaona kwamba sala bila dawa haitoshi. Alihitimu Bujumbura mwaka 1983, akafanya kazi Lemera, na huko akaona wanawake wakifa au wakiharibika kwa uzazi uliokosa msaada. Alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha mwaka 1989 akarudi milimani badala ya kubaki Ulaya. Kwa mizani ya Janibu, mtu wa namna hiyo anastahili kwamba hospitali yake isimame. Haikusimama. Mwaka 1999 ilibidi aanze upya Bukavu, katika hospitali ya Panzi. Aliikusudia iwe ya akina mama wajawazito. Mgonjwa wa kwanza kupokelewa alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi sehemu za siri.

Ufundi wa hotuba hii umo katika kutoeleza. Msemaji hasemi kwamba Lemera iliharibiwa ili Panzi izaliwe. Angeweza kusema hivyo, na hadhira ingefarijika. Anayaweka matukio mawili kwa mfuatano wa wakati tu na kuacha uchungu wa moja usifutwe na jingine. Hii ni tofauti ya msingi na fani ya Adili na Nduguze, ambamo kila teso lina mahali pake katika hesabu ya mwisho.

4. Ubinafsi usio na jina

Tofauti ya pili inahusu ubinafsi wenyewe. Kwa Shaaban Robert ubinafsi una sura na jina. Unaweza kugeuzwa nyani, ukafungwa na ukachapwa. Katika hotuba ya Mukwege wauaji wapo, lakini lawama haiishii kwao. Msemaji anakumbusha kwamba anatoka katika nchi mojawapo ya zile zilizo tajiri kuliko zote duniani, ambayo watu wake ni miongoni mwa maskini kuliko wote; na kwamba madini yanayopatikana humo yamo ndani ya simu na magari yanayofurahiwa mbali na migodi. Anaitaja pia ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyoorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa yaliyotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003, na analalamika kwamba imeachwa ikioza katika saraka ya ofisi.

Kwa hiyo ubinafsi hapa si hasira ya ndugu mwovu. Ni tabia ya mtu mwenye adabu zake, ambaye hamchukii yeyote na ambaye amezoea kugeuza uso. Hasidi alihitaji kunyanyua mikono ili amtose nduguye baharini; mtumiaji wa simu hahitaji kunyanyua chochote. Fasihi ya Kiswahili ya maadili haijampatia mtu huyu jina linalomtosha. "Mchoyo" halimfai, kwa kuwa pengine ni mkarimu kwa jirani zake. Kufundisha wema kwa kutumia Hasidi na Mwivu peke yao kunamwacha msomaji wa leo akijiona safi.

5. Mwanamke wa dola 50

Hotuba ina sehemu moja inayoelekea kuurudia msuko wa zamani. Msemaji anasimulia habari za mwanamke aliyefikishwa hospitalini akiwa mahututi, baada ya jamaa zake wote kuuawa na yeye kufungwa mtini msituni na kubakwa siku baada ya siku. Alitibiwa, akapewa dola 50 za kuanzia maisha, akafungua biashara ndogo, akanunua kiwanja, akajenga nyumba. Mhakiki anaweza kulalamika kwamba kisa hiki kimekamilika mno, na kwamba mwanamke mwenyewe hasemi; anasemewa. Lalamiko hilo lina uzito. Jukwaa la Oslo lilihitaji mfano wa matumaini, na mfano huwa na desturi ya kumeza mtu.

Hata hivyo, kuna jambo dogo katika kisa hicho ambalo halimo Janibu. Mwanamke yule, akisha kupona, amejitoa kuwasaidia wengine waliopatwa na mambo kama yake. Hamlipi aliyemtibu. Wema aliotendewa anaupeleka kwa mtu wa tatu. Huria alirudisha fadhila kule ilikotoka na mzunguko ukafungwa. Hapa mzunguko haufungwi. Methali mbili zilizotajwa mwanzoni zinapatana katika mwendo huo: mtenda wema amekwenda zake kweli, na wema haukuoza, kwa kuwa umehamia mikononi mwa mwingine.

6. Mananasi na vitunguu

Upo ushahidi mmoja nje ya hotuba unaofaa kupimwa, kwa kuwa unaonekana kuipinga hoja hii. Mwezi Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Mukwege huko Bukavu na kumuua mlinzi wake. Daktari alikimbilia Ulaya pamoja na jamaa yake. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, waliuza mananasi na vitunguu ili wachangie nauli ya kumrudisha, naye akarudi mwezi Januari 2013. Je, hapa si Huria tena, aliyeokolewa akimwokoa mwokozi wake?

Si yeye, kwa sababu mbili. Huria alikuwa na uwezo unaomzidi binadamu, na kumtoa Adili baharini hakukumpunguzia kitu. Wanawake wa Idjwi walitoa katika uhaba. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Adili analipwa uhai, heshima na amani. Mukwege alirudishwa kwenye wodi ile ile, mbele ya hatari ile ile. Malipo ya kazi yake yalikuwa kazi yake. Mtu anayehesabu faida angeiona zawadi hiyo kuwa adhabu. Aliyeipokea aliiona kuwa wito, na kwa kuipokea alionyesha ni wapi ridhaa yake ilipokuwa tangu mwanzo: haikuwa katika kushukuriwa bali katika kuwa mmoja wa watu wanaohitajiana.

Yaliyofuata yanathibitisha kwamba malipo ya kawaida hayakuja. Katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2023 Mukwege hakufikisha asilimia 1 ya kura. Mwezi Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na mwezi Desemba mwaka huo ikawa zamu ya Uvira. Tuzo haikuleta amani katika mwambao wala milimani. Msomaji aliyelelewa na hadithi za Janibu atauliza basi wema huo ulifaa nini. Swali hilo lina ubinafsi ndani yake, kwa kuwa linapima wema kwa kile kinachomrudia mtenda. Wenye kulijibu si wahakiki ila wale waliotoka wodini kwa miguu yao.

7. Hitimisho

Ulinganisho huu haukusudii kumshusha Shaaban Robert. Aliandika katika mapokeo yaliyodai haki ionekane, na bado ndani ya mapokeo hayo alimweka Adili usiku, peke yake, akiwalisha waliomtosa. Kurasa hizo ndizo zinazosomeka vyema zaidi pamoja na hotuba ya Oslo, na ndizo zinazofaa kupewa uzito darasani kuliko mwisho wenye furaha. Mwanafunzi wa Uvira, anayejua kwamba hospitali inaweza kuchinjiwa watu, hataamini akiambiwa kwamba mwema huokolewa daima. Anaweza kuamini akiambiwa kwamba Adili alilia na hakuacha kulisha. Fasihi ya utu itakayoandikwa kwa Kiswahili katika mwambao huo haina budi kuanzia hapo.