Upande Unaovuta Sio Ulio Mgonjwa: Neno "Kuvuta" katika Istilahi za Breki

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja linalotumika sana katika gereji na katika ripoti za magari, nalo ni kuvuta. Neno lenyewe si geni wala si baya. Lawama ni kwa sisi watungaji na wafasiri wa maelekezo, ambao tumelitumia bila kuliwekea mipaka. Katika somo la breki, istilahi isiyo na mipaka yaweza kuleta madhara makubwa kuliko kosa lolote la sarufi.

Tuanze na matumizi ya kawaida. Gari lenye injini nzuri husemwa kuwa linavuta. Gari lililofungiwa tela huvuta. Na gari linaloacha mstari wake na kuelekea kando, nalo huvuta. Katika mazungumzo hapana anayepotea, maana dereva na fundi wamesimama mbele ya gari lenyewe. Katika maandishi hali ni nyingine. Ofisa wa usafirishaji aandikapo "gari linavuta", msomaji aliye mbali hana njia ya kujua kama gari hilo linasifiwa au linashtakiwa.

Hata tukiongeza neno "upande", bado tumezifunga dhana tatu katika kifurushi kimoja. Kwanza, liko gari linalovuta wakati wote, hata mguu ukiwa mbali na breki. Hapo hushukiwa upepo wa matairi usiolingana, tairi moja lililolika kuliko jingine, au magurudumu yasiyonyooshwa sawasawa. Pili, liko gari linalokwenda moja kwa moja, likavuta mara breki inapokanyagwa. Hapo kwa kawaida breki za magurudumu mawili ya mbele hazishiki kwa nguvu sawa. Tatu, liko gari linalotulia breki inapokanyagwa polepole, likavuta tu inapokanyagwa kwa nguvu. Hili la tatu huenda halina kasoro ya breki kabisa. Yawezekana bushi za mikono inayoshikilia gurudumu zimechoka, hata gurudumu likageuka kidogo linapolemewa na nguvu kubwa. Kuyaita yote matatu "hitilafu ya breki" ni kumtuma fundi abadilishe pedi ambazo ni nzima.

Kosa kubwa zaidi lahusu upande wenyewe. Katika mazoea ya lugha yetu, anayevuta ndiye mtendaji, na mtendaji ndiye wa kuulizwa. Kwa hiyo mfasiri huona ni sawa kuandika: "Kagua breki ya upande unaovuta." Sentensi hii ni nyofu kwa sarufi, lakini mara nyingi ni potofu kwa ufundi. Breki inapokanyagwa, gari huelekea upande ambao breki yake inashika zaidi. Likivuta kulia, aghalabu breki ya kulia ndiyo nzima, na ya kushoto ndiyo imelala: pistoni imeganda, pedi zimelowa mafuta, au mpira unaopitisha mafuta ya breki umeziba kwa ndani. Fundi atiiye maelekezo yale atafungua gurudumu zima, asione kasoro, na kulirudisha gari barabarani. Sisi tuendeshao kushoto twajua maana yake. Gari linalovuta kulia kwa breki ya ghafla huingia katika njia ya wanaokuja.

Wala haitoshi kuigeuza kanuni hiyo tu. Ipo breki ambayo ikishashika haiachii. Hiyo huvuta kuelekea upande wake yenyewe, huendelea kuvuta hata mguu ukiisha ondolewa, na gurudumu lake huwa la moto kuliko wenzake. Ndiyo kusema kwamba dalili moja ya "kuvuta kulia" yaweza kuwa na ugonjwa kushoto au kulia, na kinachotofautisha ni wakati gari linapovuta.

Wapo watakaosema dawa ni kubuni maneno mapya. Mimi sikubaliani nao. Maneno tunayohitaji yamo tayari vinywani mwa mafundi: breki hushika, na breki huachia. Kutokana na vitenzi hivyo viwili twapata "breki isiyoshika" na "breki isiyoachia", istilahi zinazoeleweka na dereva, mwanafunzi wa ufundi na karani pia. Kwa dalili zenyewe napendekeza "kuvuta daima", "kuvuta kwa breki" na "kuvuta kwa breki ya ghafla". Neno "kuvuta" likiwa peke yake lisikubaliwe katika fomu yoyote ya ukaguzi.

Kwa msingi huo, maelekezo yaliyokosolewa hapo juu yangesomeka hivi: "Gari likivuta kwa breki, kagua magurudumu yote mawili ya mbele. Anza na la upande wa pili, kama breki isiyoshika. Ikiwa linaendelea kuvuta baada ya kuachia kanyagio, anza na la upande unaovuta, kama breki isiyoachia." Ni maneno mengi kuliko ya asili, lakini ufupi unaompoteza msomaji hauna faida.

Sidai kwamba istilahi yaweza kuchukua nafasi ya mashine ya kupima nguvu ya breki ya kila gurudumu. Lakini gereji nyingi hazina mashine hiyo. Zina fundi, jeki na karatasi ya maelekezo. Jeki na ujuzi ni vya fundi mwenyewe, bali karatasi ni yetu, na kosa lililomo humo hulipwa na aliye nyuma ya usukani. Wafasiri na walimu wa ufundi wenye maoni tofauti wanakaribishwa kuyaleta.